Nilipitiwa na usingizi kwenye usukani, na shemeji yangu aliona

Mama, shikamoo.

Mimi ni dereva wa semi, nina miaka 43, naishi Mbagala. Malori nimeendesha miaka kumi na sita, na kwa tajiri huyu huu ni mwaka wa nne. Tunapakia bandarini Dar es Salaam, tunapandisha mzigo hadi Tunduma, mara nyingine tunavuka Nakonde upande wa Zambia na kufika mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Sijawahi kupindua gari. Nalitanguliza hilo kwa sababu sitaki uanze kunisoma ukidhani mimi ni mzembe.

Utingo wangu ni mdogo wake mke wangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtafutia kazi.

Mwezi wa sita tulikuwa na safari ya Tunduma. Siku hiyo niliamka saa kumi na moja alfajiri nikahangaikie karatasi za mzigo, tukatoka Dar saa tatu asubuhi. Mizani ya Vigwaza foleni. Tukafika Mlima Kitonga saa mbili usiku, tukakuta lori limekatika ekseli katikati ya kona, hakuna anayepanda wala anayeshuka. Tulikaa pale mpaka saa saba usiku. Sikulala, maana foleni ya Kitonga huwezi kujua itasogea saa ngapi, na wezi wa mafuta wanajua hilo. Tulipopita Iringa shemeji akaniambia, "Tupaki tulale hapa." Nikamwambia tutalala Makambako. Ofisini walikuwa wameshapiga simu mara mbili wakiuliza kwa nini gari halisogei kwenye kompyuta yao.

Karibu na Nyololo, kwenye saa kumi na moja alfajiri, nikapitiwa. Nakumbuka ukungu na miti ya misonobari. Kisha nakumbuka mikono ya shemeji juu ya usukani na sauti yake. Katikati hapo hamna kitu, Mama, kama mtu aliyekata kipande cha filamu. Gari lilikuwa limetoka nje ya lami upande wa kushoto. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa alijirusha mtaroni. Baiskeli tuliikanyaga. Yeye alichubuka kiwiko. Nilimpa shilingi elfu sitini, akazihesabu taratibu, akasema, "Haya." Hakuniuliza hata jina. Tukaondoka.

Sikuripoti popote. Tajiri hajui, na mke wangu hajui.

Tuliporudi Dar shemeji akashuka na begi lake, hajapanda tena. Sasa anabeba zege kwenye ujenzi Kigamboni. Wiki mbili zilizopita alikuja nyumbani, tukakaa nje kwenye benchi, akaniambia, "Shemeji, nakuheshimu. Mwisho wa mwezi huu ukifika hujamwambia dada, nitamwambia mimi." Nilikasirika sana. Mtu niliyemfundisha hata kufunga turubai ananipa siku za kuhesabu!

Ukweli wote ni huu: haikuwa mara ya kwanza. Mwaka jana nilipita mbuga ya Mikumi nzima, nilipokuja kujitambua niko mbele kabisa na sikumbuki nimepitaje. Nikiwa nyumbani nasinzia kwenye kochi, nasinzia kwenye vikao vya harusi mpaka watu wanacheka. Hata nikilala saa tisa nzima naamka kama nimetwangwa, kichwa kinauma. Mke wangu amehamia chumba cha watoto, anasema nakoroma kama jenereta. Siku hizi hata ndoa yenyewe ni ya kupungiana mikono kwenye korido. Nimenenepa, sikatai, mashati ya zamani hayafungi shingoni. Nesi mmoja alinipima presha mwaka jana ikasoma 160 kwa 100, akaniambia nirudi. Safari ikaingia, sikurudi.

Kuna rafiki yangu kijiweni anasema hii si bure. Gari hili lilikuwa la dereva mwingine aliyeondolewa vibaya, na anasema nipitie kwa mtaalamu kabla sijamaliza watu.

Nikimwambia tajiri, kesho yake gari anapewa deiwaka, dereva wa kibarua, basi. Mshahara wangu ni laki nne, lakini hela yenyewe iko kwenye safari. Binti yangu yuko kidato cha sita. Nyumba yangu ya Chanika imeishia kwenye lenta. Nikinyamaza, kila nikipita Nyololo namwona yule mzee. Niseme au nisiseme? Na nikisema, nianze na nani?

Dereva, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari, na pole zaidi kwa yale unayoyabeba baada ya safari.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, nikawa nahesabu saa. Uliamka saa kumi na moja alfajiri, ukapitiwa saa kumi na moja alfajiri ya siku ya pili. Hizo ni saa ishirini na nne kamili macho wazi. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 1997 matokeo ya kulinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa kumi na saba alifanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na aliyekesha saa ishirini na nne alikuwa kama mwenye 0.10. Kiwango hicho kwa pombe kingekupeleka mahakamani hapa kwetu. Wewe ungekataa kuendesha umelewa, sina shaka. Lakini usiku ule, kwa kipimo cha ubongo, ulikuwa umelewa bila kuonja tone, na hakuna askari mwenye kifaa cha kupima usingizi.

Hilo silisemi kukuongezea mzigo. Nalisema kwa sababu barua yote unajihukumu kama mtu aliyekosa umakini, kana kwamba ungekaza moyo kidogo yasingetokea. Usingizi haushindwi kwa kukaza moyo. Madereva wengi huniambia wanafungua kioo, wanapandisha redio, wanatafuna karanga. Hivyo vinakupa dakika chache za kujidanganya. Halafu mwili unajichukulia sekunde zake mbili tatu, macho hata yakiwa wazi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde tatu ni zaidi ya mita 60. Panga zaidi ya semi tatu kama lako mstari mmoja, urefu huo ndio unaoendeshwa na mtu ambaye hayupo.

Umeniuliza useme au usiseme. Nitafika huko. Ila kuna swali hujaniuliza, na mimi limenizuia usingizi: kwa nini mtu aliyelala saa tisa kitandani kwake anaamka kama ametwangwa?

Usiku wa Nyololo una maelezo yake, kwa kuwa yeyote aliyekesha vile angeanguka. Asubuhi za Mbagala hazina maelezo hayo. Pale hukukesha. Tena tazama vitu ulivyoviandika pembeni pembeni, kimoja kwa utani, kingine kwa aibu: mkoromo wa jenereta, kichwa kinachouma asubuhi, kusinzia kikaoni, shingo iliyonenepa, presha ya 160 kwa 100. Umeviandika kama visa vitano. Mimi nikivisoma naona vimeshikana mikono. Kuna ugonjwa ambao madaktari wanauita apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea hadi njia ya hewa inaziba. Pumzi inakatika sekunde kumi, ishirini, pengine zaidi. Ubongo unashtuka, unamwamsha kidogo tu kiasi cha kuvuta hewa kwa kishindo, kisha analala tena. Inaweza kujirudia mara nyingi ndani ya saa moja, na asubuhi hakumbuki hata mara moja. Atakuapia kwamba amelala saa tisa, kumbe usiku kucha alikuwa anaamshwa. Na presha nayo hupandishwa na hali hiyohiyo.

Mimi si daktari wako, na barua haipimi mtu. Inawezekana ni kitu kingine. Kisukari huchosha, upungufu wa damu huchosha, hata dawa za mafua na mzio zinazouzwa kiholela hulaza watu, na mawazo nayo yanakatisha usingizi. Lakini hilo ni jambo la kupimwa. Anza na presha, maana hiyo inapimwa dakika tano kwenye zahanati yoyote ya mtaani kwako, na ile namba ya mwaka jana haikupaswa kusubiri safari iishe. Presha ya namna hiyo haina maumivu. Ndiyo maana watu huipuuza hadi siku inapowaangusha. Ukiwa pale mweleze daktari habari ya kukoroma na kusinzia, usimfiche, na umwombe akuandikie rufaa ya hospitali kubwa, kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Wengine huagizwa kupunguza uzito, kuacha pombe za jioni na kulala ubavu badala ya chali. Wengine hupewa mashine ya kusukuma hewa wakiwa wamelala. Mashine hiyo si rahisi kwa bei, kwa hiyo kama unakatwa bima kwenye mshahara, uliza mapema inalipia nini.

Kuhusu yule mtaalamu wa rafiki yako, sitabishana nawe imani. Nakuuliza tu: ukienda huko kwanza, ukarudi na kamba kiunoni na moyo mwepesi, utapanda gari kesho yake ukiwa umepona au ukiwa umejiamini zaidi? Hayo mawili barabarani yana tofauti kubwa sana.

Sasa tajiri. Umeandika kama kwamba kuna milango miwili tu: kukiri yote upoteze gari, au kufunga mdomo ubaki nalo. Naomba uitazame tena. "Nilisinzia nikakanyaga baiskeli" ni sentensi moja. "Ninaumwa, nina karatasi ya daktari, naomba nafasi ya kutibiwa" ni sentensi nyingine, nayo pia ni ya kweli. Unaweza kuanza na hii ya pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Sheria hiyohiyo inasema mtu asifanye kazi zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku, ziada ikiwemo, na apate saa kumi na mbili mfululizo za kupumzika. Ofisi iliyokuwa inakupigia simu usiku ule haikuwa inaizingatia, na sehemu ya yaliyotokea ni yake, si yako peke yako.

Lakini sitaki kukupa sheria kama pipi. Kwanza, una mkataba wa maandishi? Madereva waligoma nchi nzima mwaka 2015, na mikataba ilikuwa mojawapo ya madai yao, kwa hiyo najua wengi hawana. Pili, hata ukiwa nao, mshahara kamili ni laki nne. Hela ya safari haimo, na wewe mwenyewe umesema ndiyo inayolisha nyumba. Tatu, tajiri anaweza kukukubalia kwa mdomo na ukirudi ukakuta deiwaka amezoea kiti. Kufukuza mtu kwa sababu anaumwa kunaweza kufikishwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na malalamiko ya kuachishwa kazi yanapaswa kufika huko ndani ya siku 30, ila kesi si ugali, hailiwi jioni. Hizo ni hatari za kweli, siwezi kukuambia usiziogope.

Kuna njia za kati pia. Kampuni nyingi zenye malori zina kazi za mjini, kutoa makontena bandarini kupeleka kwenye yadi, ambako jioni unalala kwako. Hela ni ndogo, lakini gari huliachi. Unaweza kuomba hilo kwa miezi michache ya matibabu. Unaweza kuomba dereva wa pili kwa safari za Kasumbalesa, ingawa matajiri wengi wataona ni posho mbili. Au unaweza kuendelea kama ulivyo ukijiwekea masharti: kutogusa usukani kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kupaki na kulala dakika ishirini mara tu kope zinapokuwa nzito, kuzima simu ya ofisi ukiwa umepaki. Masharti hayo ni mazuri kwa dereva yeyote. Kwako wewe nina wasiwasi nayo, na nitakwambia kwa nini: yanafaa kwa mtu ambaye usingizi anaoupata unamtosha. Kama pumzi yako inakatika usiku, hata ukilala kwa saa nane nzima unaamka na deni. Uamuzi ni wako. Ila nisingekuwa mkweli kama ningekuficha kwamba kila safari utakayoifanya kabla ya kupimwa itanitia hofu, kwa ajili yako na kwa ajili ya wale wanaotembea pembeni ya lami alfajiri.

Tuje kwa shemeji. Umekasirika kwa sababu ni mdogo, na ni wewe uliyemfundisha kazi. Nakuelewa, kwetu mdogo hampi mkubwa siku za kuhesabu. Hebu kaa kwenye kiti chake kidogo lakini. Kijana ameacha kiti cha kebini anabeba zege juani Kigamboni. Hajaenda kwa tajiri, ingawa angeweza. Hajaenda polisi. Hajamwambia hata dada yake, tumbo moja, wiki zote hizi. Alikuja kwako kwanza, akakuita shemeji, akakuambia uso kwa uso. Yeye ndiye aliyeshika usukani usiku ule. Huenda naye anapita Nyololo kila akifumba macho, na hana wa kumwambia, kwa kuwa siri ni yako. Sijui kama umewahi kumwambia asante. Barua yako haisemi.

Na mkeo. Unadhani unamficha ili asiogope. Inawezekana. Inawezekana pia amekwisha kuogopa. Mwanamke aliyeolewa na dereva wa masafa hulala na simu chini ya mto. Tena yeye ndiye shahidi pekee wa ugonjwa wako, maana wewe huwa umelala. Hatari ya kumwambia ipo: atakasirika, atasema umemtia mdogo wake hatarini, na hatakosea. Anaweza kukuambia uache gari kesho bila kujua ada italipwaje. Hayo mazungumzo yatakuwa magumu. Ila kuna tofauti kati ya kuyasikia kwako na kuyasikia kwa mdogo wake, na hiyo nadhani unaijua, ndiyo maana umeniandikia kabla mwezi haujaisha.

Nimemwacha yule mzee wa maziwa mwisho kwa sababu kwake sina majibu mepesi. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva asimame, asaidie na aripoti. Wewe ulisimama, ukasaidia kwa ulichokuwa nacho, hukuripoti. Ukitaka kujua hilo linakuweka wapi leo, kaa na mwanasheria au vituo vya msaada wa kisheria kabla hujaenda kituoni peke yako. Lakini nahisi kinachokusumbua si faini. Ni ile "Haya" yake. Elfu sitini labda ilitosha kunyoosha rimu, sijui kama ilinunua baiskeli, na maziwa ya siku ile na wateja wa siku zile hayakuwemo. Unaipita njia hiyo. Wauza maziwa wa barabarani wanafahamiana, huwezi kumkosa ukiuliza. Sikuambii umtafute. Nakuuliza tu, ukiwaza umesimama mbele yake mchana, bila ukungu, ungependa kumwambia nini? Ukijua hilo, nadhani utajua pia uanze na nani hapa nyumbani.

Kwa sasa kuna jambo dogo ambalo halimfukuzi mtu kazi. Usiku utakaolala nyumbani wiki hii, mwombe mama watoto arudi chumbani usiku mmoja. Mwambie ukweli kwamba mimi ndiye niliyekutuma. Aweke simu irekodi karibu na mto, na akiwa macho asikilize kama mkoromo unanyamaza ghafla, ahesabu ukimya una sekunde ngapi kabla hujashtuka. Aandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo uende nayo kwa daktari. Kisha niandikie tena, uniambie amehesabu ngapi.